Koti Halivuliwi Ufukweni

"Vua sweta, dada Veva, mwanga ndio huu," Happiness alisema, jicho moja tayari kwenye kamera.

"Havui," mama akajibu kabla sijafungua mdomo.

Nikabaki katikati yao, miguu peku kwenye mchanga wa Ujiji uliokuwa wa baridi kama sakafu ya kanisa. Tumbo limenitangulia, na upepo wa mwezi wa saba unatoka ziwani unaingia moja kwa moja chini ya gauni. Gauni lenyewe nililishona mimi. Mimi fundi cherehani, Buzebazeba nzima inanijua kwa vipimo, lakini nililishona mwezi wa tano, mchana, jua linawaka, nikaliacha bila mikono kwa ajili ya uzuri. Uzuri huo sasa ulikuwa unanigonganisha meno.

"Mama, si tumeshakubaliana?"

"Tulikubaliana nije. Hatukukubaliana uugue."

"Hili sweta la kijani litaharibu picha."

"Liiharibu. Picha ya tumbo ina faida gani? Mimba haitangazwi, Genoveva. Watu wana macho."

Happiness akacheka bila kushusha kamera. Yeye ndiye aliyepiga picha za harusi yangu, kwa hiyo mama alikuwa anamvumilia kidogo. "Mama Veva, mficha uchi hazai."

"Na anayeuanika je, ndiye anayezaa mapacha?"

Nikavua sweta. Nilivua kwa hasira, si kwa ujasiri. Mama akanigeuzia mgongo, akawa anawatazama wanawake wanaotandaza dagaa kule mbele, kana kwamba yeye na mimi hatujuani.

Niwaambie kwa nini nilikuwa naing'ang'ania picha hiyo asubuhi ile na si nyingine. Mchana wake baba mkubwa Bonaventura, kaka yake marehemu baba, alikuwa anakuja kutoka Kasulu. Hakuwa anakuja kula migebuka ya ziwani. Alikuwa anakuja kunikalisha chini na kuniuliza mbele ya mama, "Una mume au huna?" Nikisema sina, habari ingetumwa kwa watu wa mume wangu, Elinipa, siku hiyo hiyo, na mtoto aliye tumboni angepewa jina la ukoo wetu, basi, ndoa imekwisha. Nikisema ninaye, wangeuliza yuko wapi. Na mimi ile "ndiyo" yangu ilikuwa kooni, imekwama, haina wa kuishuhudia. Nilitaka angalau mwanangu aje aone kwamba alisubiriwa kwa gauni jeupe, si kwa machozi matupu.

Yote yalianza mwishoni mwa mwezi wa tano. Mama yake Elinipa alipiga simu kutoka Same akasema nipelekwe Upareni nikajifungulie kwake. Nikasema mimi mtoto wangu wa kwanza nazaa kwa mama yangu. Elinipa akasema mama yake atajisikia vibaya. Nikamwambia mama yake si yeye mwenye tumbo. Tuligombana mpaka sauti zikatuishia, tukalala tumepeana migongo. Asubuhi mwanaume akanipakia kwenye bajaji na begi langu, akamwelekeza dereva kwa mama, Ujiji, na yeye akapanda gari la kazini kwenda kupima viwanja Uvinza. "Ukifika nipigie," akasema. Ndiyo maneno yake yote.

Sasa, kwa ukoo wetu, mke mwenye mimba kubwa hafiki kwa mama yake peke yake kama gunia la dagaa. Mume anamleta, na mtu wa kwao pembeni. Anakuwa amemfunika mabegani nguo nzito, blanketi au koti, hata kama jua linapasua mawe. Mlangoni yule mtu wa kwa mume anasema kwamba huyu ni wetu, tumewaletea mtutunzie. Mama anaivua ile nguo kwa mikono yake mwenyewe, anaiweka, na mtoto akizaliwa analazwa juu yake. Mke asipofunikwa wala kusindikizwa, amerudishwa. Hakuna anayehitaji kueleza zaidi. Siku ile mama alifungua mlango, akanitazama mabegani, akaona mkanda wa pochi tu, akaanza kulia.

Sikumpigia mtu. Alipopiga yeye, niliitazama simu mpaka ikanyamaza. Aliponiandikia, "Umefika?" nikajibu, "Nimefika." Kiburi? Ndiyo, kiburi. Mwanamke aliyerudishwa hana kingine cha kujifunika.

"Mkono mmoja chini ya tumbo," Happiness akaamuru. "Tazama maji, usinitazame mimi. Pumua. Haya, vaa."

Hivyo ndivyo anavyopiga picha za baridi. Dakika ya kuvua, dakika ya kuvaa, chai ya tangawizi kwenye chupa, halafu tena. Ngozi ikishasisimka, anasema, mikono inaonekana kama ya kuku aliyenyonyolewa na hakuna kompyuta ya kuiponya. Tatizo ni kwamba lazima awepo mtu wa kushika nguo nzito, asimame nje ya picha, akimbie kukufunika kila baada ya pozi. Mama alikuwa hashiki. Happiness akawa anakimbia mwenyewe, kamera inamgonga kifuani, sweta begani.

"Ulitakiwa uje na mtu wa koti," akanung'unika.

"Nimekuja na mama."

"Mtu wa koti alikuwa shemeji. Yeye ndiye aliyepanga hii siku, tena yeye mwenyewe alichagua hapa. Alisema jua la Kigoma linachelewa nyuma ya kilima, kwa hiyo ziwa litakuwa na mwanga mtulivu." Akanimiminia chai. "Mtu anayefikiria mwanga wa tumbo la mkewe, mimi simwelewi akiitwa mwanaume mbaya."

"Hakuna aliyekuuliza, Happiness."

"Najua. Najisemea."

Ng'ambo, milima ya Kongo ilikuwa haionekani, imemezwa na ukungu na moshi wa kiangazi. Ndipo tukasikia pikipiki inashuka njia ya mchanga. Sikugeuka. Namjua mtu wangu hata kwa namna anavyoagana na dereva, ile "asante sana kaka" yake ya taratibu, ya Kipare, utadhani anamshukuru padri.

Nikageuka mwishowe, kwa sababu mtoto aligeuka kwanza. Elinipa alikuwa anakuja, mrefu, mwembamba kuliko nilivyomwacha, ndani ya lile koti lake la kaki ambalo Kigoma nzima inamcheka nalo. Alikuja nalo kutoka milimani kwao. Bitana yake nilimbadilishia mimi mwaka jana. Alinitazama miguu, kisha tumbo, kisha uso, na kwenye uso akakwama.

"Mwakeye, mama," akamsalimia mama kwa Kiha. Ndilo neno pekee alilowahi kulitamka sawasawa.

Mama akaendelea kuwatazama wale wanawake wa dagaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akaliambia ziwa.

"Nani amekuita?" nikamwuliza.

"Mimi," Happiness akadakia. "Nilimkumbusha siku. Nawakumbusha wateja wangu wote." Halafu akajifanya anafuta lenzi.

"Veva," Elinipa akasema.

"Usiniite Veva."

"Genoveva. Unatetemeka."

"Natetemeka tangu mwezi wa tano. Leo ndiyo umeona?"

"Nimekupigia mpaka naionea haya namba yangu mwenyewe. Kila nikipiga, kimya. Ulisema ukifika utanipigia."

"Nikupigie nikwambie nini? Asante kwa bajaji?"

"Ulitaka kwa mama yako." Sauti yake ilianza kupanda, na yeye si mtu wa kupandisha sauti. "Usiku kucha ulikuwa unasema kwa mama, kwa mama. Nikajiuliza, nikigombana naye mpaka apate presha? Basi aende kwa mama yake, atulie. Nikambishia mama yangu mzazi kwa ajili hiyo. Nimekosea wapi?"

"Umenirudisha, Elinipa."

"Nimekurudisha wapi?"

Nilitaka kumzaba kibao. Lakini nilikuwa namtazama usoni, na uso huo naujua. Akidanganya, masikio yanakuwa mekundu. Masikio yake yalikuwa ya kawaida kabisa. Alikuwa amesimama pale kama mwanafunzi aliyeulizwa somo ambalo halikufundishwa darasani kwake.

Nikamweleza. Nilimweleza kwa ukali, neno kwa neno, la koti na la mlangoni, na la mama yangu kulia. Kadiri nilivyosema ndivyo mabega yake yalivyoshuka. Mwishowe akachuchumaa mchangani, akashika kichwa.

"Hukuniambia," akasema.

"Uliniuliza?"

"Ningejuaje kuna cha kuuliza? Kwetu mwanamke anachukuliwa na mama mkwe, analishwa, ananenepeshwa. Kupelekwa kwao ndiyo ilikuwa hisani. Nilidhani nimekupa ulichotaka." Akanyanyua macho. "Na nilikuja, Genoveva. Nimekuja kwenu mara mbili."

"Muongo."

"Muulize mama."

Mgongo wa mama ulikuwa umenyooka kama mlango. Nikamwita mara moja, hakugeuka. Nikamwita tena.

"Alikuja," mama akasema. "Peke yake. Mikono mitupu. Na mfuko wa machungwa."

"Sasa ni mikono mitupu au na machungwa?" Happiness akauliza.

"Machungwa," nikasema mimi, taratibu.

Nilikuwa nimeyala. Kila asubuhi nilikaa mkekani pale uani nikayala mpaka maji yananichuruzika viganjani, na ndiyo kitu pekee kilichokuwa hakinitapishi. Nilimwuliza mama yametoka wapi, akasema kwa jirani. Nilimwombea yule jirani kwenye rozari.

"Ulisema ya jirani, mama."

"Ulitaka nisemeje? Kwamba mtu aliyekurudisha kakuletea matunda? Mkono mtupu haulambwi, na koti halibadilishwi kwa machungwa. Nilimwambia umelala. Mtu mzima angejiuliza, kwa nini mama mkwe wangu ananisimamisha nje kama muuza maji. Kuuliza si ujinga."

"Kwetu, mama mkwe akikuzuia mlangoni unaondoka," Elinipa akajibu kwa upole. "Kumbishia ni kukosa adabu. Nilikuwa nakuheshimu, mama."

Mama alirudi kulitazama ziwa. Lakini niliona vidole vyake vinakunja na kukunjua ncha ya kitenge.

Mimi nilikuwa na hasira na wote wawili, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kinachotaka kutoka, nacho ni kumlilia yule mwanaume kifuani. Nilimtamani. Nasema wazi, sioni aibu, ni mume wangu. Nilitamani ile mikono yake inayonuka wino na vumbi, na ile tabia yake ya kunishika kisigino usiku miguu ikivimba. Nikang'ata midomo nisilie, midomo nayo haikuwa na ganzi ya kutosha, ikauma.

"Ndugu zangu, samahani," Happiness akasema. "Jua likivuka kile kilima kazi imekwisha. Na dada midomo imebadilika rangi."

Elinipa alikuwa ameshasimama. Alivua koti, akalikunjua kwa mikono miwili, akapiga hatua kuja kwangu.

"Usimfunike," mama akasema.

Alikuwa amegeuka. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alikuwa anamtazama Elinipa usoni.

"Kama ni baridi, sweta lake lile pale kwa mpiga picha. Ukimfunika na hilo koti mbele yangu, umesema neno. Neno hilo halisemwi kwa sababu upepo umevuma."

"Nikimfunika itakuwaje, mama?" Elinipa akauliza.

"Ahaa. Sasa umeuliza." Mama akavuta pumzi. "Utatembea naye hivyo hivyo mpaka mlangoni kwangu. Shemeji yangu Bonaventura atakuwa hapo. Atakuuliza, umekuja na nani wa kwenu. Ukiwa na mtu, nitalivua mimi. Ukikosa, utalivua wewe, uondoke nalo, na siku hiyo ndiyo mwisho. Hakuna kurudi na machungwa wala mananasi."

"Huku sina mtu, mama. Kwetu wote wako Same."

"Basi mwache avae sweta."

Elinipa akanitazama, koti limening'inia mikononi. Kisha akalitundika begani, akatoa simu, akabonyeza, akaiweka sauti tusikie wote. Iliita kidogo tu.

"Mama, niko na Genoveva. Niko na mama yake. Nataka umkabidhi kwao, ajifungulie huku."

"Nimkabidhi?" Sauti ya mama mkwe wangu ilikuja kavu, ya mtu aliyeamka zamani na amekwisha kufanya kazi nyingi. "Nimemfugia mbuzi, Elinipa. Kila siku namkatia majani. Nimemchagulia chumba kisichopitisha upepo. Halafu leo unaniambia nimkabidhi. Mliniuliza mimi?"

"Mama, sikiliza..."

Simu ikakatwa.

Upepo ukatupita. Mama aliangalia chini, na naapa hakufurahi. Alikuwa amesikia sauti ya mama mwenzake, imenuna kwa jambo lile lile alilonunia yeye.

"Vaa sweta, mwanangu," akaniambia, sasa kwa upole. Ule upole ulinitisha kuliko ukali.

Happiness akaninyooshea sweta. Nikaliangalia, kijani, limetoboka kiwiko. Lingenipa joto. Lingenifikisha nyumbani salama, nikae mkekani, niulizwe, nijibu sijui, na Elinipa abaki mume wa mbali kidogo, asiye mume wala asiyeachwa. Ingeweza kwenda hivyo mpaka mtoto aanze kutembea.

"Nifunike," nikamwambia Elinipa.

"Na kama mama yangu hatapokea tena simu? Umemsikia mama yako alivyosema. Itakuwa mwisho."

"Basi nitakuwa nimeota joto lako njia nzima. Nifunike, nimechoka kutetemeka."

Alinifunika. Alilivuta koti mpaka shingoni, akalitengeneza kola polepole. Lilikuwa na joto la mwili wake. Nikafumba macho. Tumboni kikapigwa kisigino kikubwa hata yeye akakiona juu ya gauni, akashtuka, akacheka kidogo, machozi yamemjaa. Hatukukumbatiana. Mama alikuwepo.

Kamera ilikuwa inalia, klik, klik. Koti halikuweza kufungwa vifungo, tumbo limejitokeza katikati kama limekataa kufichwa, na Happiness akawa anazunguka anasema hivyo hivyo, msisogee, hivyo hivyo.

"Sasa vua koti," akasema, "tupate na ya gauni peke yake, jua hilo linakuja."

"Halivuliwi ufukweni," mama akajibu, akajifunga kitenge, akatangulia njiani.

* * *

Kigoma bwana, asubuhi inakung'ata na saa chache baadaye inakukaanga. Tulipofika mtaani kwetu jua lilikuwa limeshapanda, jasho linanitiririka mgongoni chini ya koti la mlimani. Elinipa alinishika kiwiko. Kila baada ya dakika chache alijaribu simu kwa mkono mwingine, ikaita mpaka ikachoka. Wanawake waliokuwa wanafagia waliona koti, wakaacha kufagia. Bibi mmoja akasimamisha hata mchi kwenye kinu. Walikuwa wanajua kinachokwenda kuulizwa.

Baba mkubwa alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha uvivu karibu na mlango, kofia gotini. Alinitazama mabegani kwa muda mrefu.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuja kukuuliza swali. Naona umekuja na jibu mgongoni." Akamgeukia Elinipa. "Baba, karibu. Umekuja na nani wa kwenu?"

"Mama yangu, mzee."

"Simwoni."

"Yuko Same. Nampigia."

"Simu si mtu."

"Simu si mtu, mzee, lakini aliyemo ni mtu."

Akapiga. Ikaita, ikaita, ikakatika yenyewe. Mama alikuwa amesimama kizingitini, mikono imelala pembeni. Happiness alikaa nyuma karibu na ndoo, kamera imefunikwa kwa heshima. Elinipa akapiga tena. Jasho liliniingia machoni, na niliogopa kulifuta, nilihisi nikiinua mkono koti litaanguka na kila kitu kitaanguka nalo.

"Elinipa, nimekwambia nina kazi," sauti ikasema ghafla.

Kabla hajajibu, nikamnyang'anya simu.

"Shikamoo, mama. Ni mimi."

Tangu ule ugomvi sikuwa nimempigia hata mara moja.

"Marahaba," akasema mwishowe.

"Mama, sikukukataa wewe. Niliogopa kuzaa mbali na mama yangu, basi. Wewe mwanao wa kwanza ulimzalia wapi?"

Akapunguza sauti: "Kwa mama yangu."

"Mbuzi wako nitakuja kumla, mtoto nikiwa nimembeba mgongoni. Lakini hapa nilipo nimesimama mlangoni kwetu, koti la mwanao mabegani, jua linanichoma, na hakuna mtu wa kwenu wa kunisemea. Usiponisemea wewe, mwanao ataondoka nalo, na mimi nitabaki bila mume. Nakuomba, mama."

Nyuma yake mbuzi alilia, nadhani ndiye yeye mwenyewe. Halafu nikasikia mwanamke yule mkavu anapenga kamasi.

"Weka sauti wasikie," akaniambia.

Nikaweka.

"Wazee wa huko, hamjambo. Mimi ndiye mama yake Elinipa. Huyo binti ni wetu. Mmenisikia? Ni wetu. Mwekeni vizuri. Ale, alale, asiinue ndoo, na miguu yake isishike baridi. Akishajifungua mniambie kabla hamjamwambia mtu mwingine yeyote."

Baba mkubwa akakuna kidevu. "Siyo maneno yetu hayo," akasema. "Yetu ni mafupi."

Wote tukamtazama mama. Yeye ndiye mwenye mikono. Aliitazama simu kiganjani mwangu, akamtazama Elinipa aliyekuwa ameinamisha kichwa kama anasubiri kunyolewa, akaniangalia mimi ninavyoungua.

"Ni maneno ya mama," akasema.

Akashuka kizingitini. Akaninyanyulia kidevu, akanifuta jasho kwa ncha ya kitenge, kisha akashika kola ya koti kwa mikono yote miwili. Lakini hakuvuta. Alisimama hivyo, akageuza shingo kumtafuta Happiness pale nyuma karibu na ndoo.

"Wewe," akasema, "si una kamera? Piga."